Korale Nzima Ndani ya Diski Moja

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Ordi, kompyuta yangu, imegoma tena! Nilifungua sauti zote za korale yetu ya kanisa pamoja, basi soprano wakaanza kukwama — kwa, kwa, kwa — kama kuku amemeza mfupa. Na Mama Honorine, prezida wa korale, amekaa nyuma yangu! Akauliza kama huo ndio mtindo wa sasa. Nikamwambia hapana mama, diski ya ndani imejaa na imechoka. Akasema: si uimwage?

Uimwage. Kama beseni.

Haraka iko, lazima turekodi. Laure anaolewa Kalemie, anapanda boti Jumamosi ya wiki ijayo. Akienda, solo imeenda naye. Mtaa wetu wa Rugenge mzima hakuna mwingine anayepanda pale juu bila kupiga yowe. Noella alijaribu. Mungu ambariki Noella.

Mimi sina neno. Mimi ni fundi wa sauti tu.

Jumanne, 6 Agosti

Kwa Amisi, dukani kwake sokoni. Familia yao wanauza vitu hapa Uvira tangu babu wa babu, na Amisi akikuuzia kitu lazima kwanza akufundishe. Akaweka diski mbili za nje juu ya meza. Moja kubwa, nzito: ndani mna sahani inazunguka na kasindano kanasoma. Inabeba kila kitu, lakini polepole, na haipendi kutikiswa. Nyingine ni kadogo, SSD, hakuna kinachozunguka ndani. Kanakimbia! Kananyamaza! Ila kanabeba kidogo.

Nikamwambia kadogo, bila kufikiri mara mbili. Sauti nyingi kwa mara moja zinataka mbio. Akacheka: weye unataka kadogo, lakini nani analipa?

Ni kweli. Analipa korale.

Jumatano, 7 Agosti

Komite. Kwetu korale ikichanga, kila aliyechanga ana mdomo. Hata rangi ya sare ya Pasaka tuliipigia kura mara tatu.

Nilipitisha diski zote mbili za Amisi mkono kwa mkono. Kosa kubwa! Wakaanza kuzipima kama mihogo. Kadogo kakafika kwa Mama Honorine, akakatikisa sikioni. Kimya. "Thaddée mwanangu, humu mna kitu kweli? Sisi watu wote hawa, na bamama wenye miili yao, tutaingia mu kakitu kama kiberiti?"

Nikaeleza sahani. Nikaeleza sindano. Toussaint, mpiga ngoma wetu, akasema kwa sauti ya kiongozi kwamba kitu kizito ndicho kina nguvu. Toussaint! Mtu anayefunga ngoma yake kwa kamba ya viatu!

Kura: kubwa, wote. Kadogo — minye peke yangu. Na Laure. Alinyoosha mkono huku anacheka, nadhani alinihurumia.

Jumanne, 13 Agosti

Tumerekodi! Moja kwa moja ndani ya ile diski kubwa, kwa sababu ordi haina nafasi hata ya picha. Inaunguruma, mikro inaisikia, nikailaza juu ya mto. Inaishi vizuri kuliko mimi.

Korale waliimba vizuri sana. Kisha nikawatoa wote nje, Laure akabaki na solo. Mara moja tu. Sikuhitaji kurudia, ingawa nilimwambia arudie. Nilitaka tu.

Nikamvalisha kaske masikioni asikie. Akafumba macho. "Thaddée, hii ni minye kweli?" Weye mwenyewe, nikasema. Kulikuwa na maneno mengine kinywani, yalikuwa yamefika kabisa. Mama Honorine akafungua mlango, anauliza kama tumemaliza, chakula kinapoa.

Alhamisi, 15 Agosti

Balaa. Diski inakwenda kubarikiwa Jumapili. Ndiyo desturi yetu: kitu cha korale hakitumiki vizuri mpaka kipite mbele ya madhabahu, juu ya kichwa cha mama anayecheza. Gitaa lilipita. Spika zilipita. Sufuria kubwa ya uji ilipita, na kelele zake zote.

Nikamwambia Mama Honorine, hii haichezeshwi! Akauliza: umeizima? Ndiyo, lakini... "Basi imelala. Itaamkia nyumbani."

Nikakimbia kwa Amisi aniazime kadogo, ninakili kila kitu kwanza. Amekaazimisha mpiga video wa arusi! Atakarudisha Jumapili baada ya ibada. Baada!

Jumamosi, 17 Agosti

Boti imeondoka. Nilibeba sanduku moja la Laure mpaka bandarini. Lilikuwa jepesi, ningetaka liwe zito.

Imeniuma. Basi, nimeandika.

Jumapili, 18 Agosti, mchana

Mama Émérance, mmoja wa bamama wa korale, ndiye aliyebeba. Sinia juu ya kichwa, maua, kitambaa cheupe, diski katikati kama bibi arusi. Toussaint akapiga ngoma kama amelipwa. Mama akazunguka mara moja, kanisa likashangilia. Minye nimesimama kwenye mikro, jasho tu. Wakashangilia tena — akazunguka tena! Diski ikateleza. PA! Juu ya simenti.

Mara Mama Honorine akapiga vigelegele, kanisa lote likafuata, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Mchungaji akaiokota, akaipuliza vumbi kama andazi, akaomba kwa muda mrefu. Nilisema amina kuliko wote.

Sasa niko nyumbani. Amisi amekuja na kadogo. Korale nzima wako uani, wanangoja kujisikia. Nimechomeka kubwa: tk... tk... tk... Hakuna kitu. Nikachomoa, nikarudisha. Hakuna. Mara ya tatu ikafunguka! Amisi akaniambia kwa sauti ya chini: fanya haraka, hizi zinakufa unaziangalia. Nakili kimoja kwanza, usichanganye.

Faili mbili kubwa. KORALE. LAURE.

Nimebonyeza LAURE.

Sababu iko, nzuri kabisa: korale wako hapa, wanaweza kuimba tena hata kesho, na yeye iko majini. Mtu yeyote angekubali. Lakini hiyo sababu nimeipata baada ya kubonyeza.

Mstari unatembea polepole. Unasimama. Unatembea. Ninaandika ili mikono isiguse kitu. Mama Honorine ameingia, yuko nyuma ya kiti changu, mkono begani. "Umeanza na sisi, si ndiyo?"

Ndiyo mama, nimesema.

Tk. Tk. Mstari haujafika nusu, jina liko juu yake, herufi kubwa. Mama anafungua mkoba, anatafuta miwani.