Lango Lililofukuza Wageni

Mtaa wa Wafumaji,
Margilan.
12 Mei

Mpendwa mdogo wangu Ergash,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwa baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Korea, wewe, mkeo Lola na wale pacha, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, lakini ya mtu wa miaka sabini na moja yasipolalamika yatafanya kazi gani? Binti yako Zebo ni mzima wa mwili. Ya moyoni mwake ndiyo yaliyonikalisha niandike.

Forosadi za mti wetu zimeiva na zinaanguka uani tangu alfajiri. Mwaka huu sikuzianika.

Usishangae kuletewa karatasi na mtoto wa seremala anayerudi kazini huko. Simu ninayo, ile ya tatu uliyonitumia, lakini hainitii mpaka Zebo aishike, na haya si ya kusikilizwa na binti mwenyewe.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mashine ya kufulia ya zamani ilikuwa na kitufe kimoja. Hii mpya inanihoji kama askari wa mpakani. Televisheni nilipoizoea, ukaleta nyingine. Friji linapiga kelele nikichelewa kulifunga. Sikusemi kwa ubaya, najua ni mapenzi. Ila nikishajifunza kitu, tayari kimepitwa. Nachoka, Ergash. Zamani majirani walikuja kuniuliza mimi mambo. Siku hizi naomba msaada kuwasha taa ya jikoni.

Sasa nije kwenye hiyo kengele ya lango yenye kamera, inayolia hapa ndani na kwenye simu yako huko.

Jumatano asubuhi Zebo alikuwa kazini, kwenye duka la dawa, nami nakanda unga karibu na tanuri. Kioo chake cha ukutani kikalia. Nikakiendea mbio na kidole changu cha unga; hakikunitambua. Nikajifuta, nikabonyeza ile alama nyekundu, kikanyamaza, picha ikazimika. Mpaka nivuke uani nifike langoni, njia ilikuwa tupu. Alikuwepo jirani yetu Holbibi tu, kashika ufagio, kinywa wazi.

Kwa alivyonisimulia, walikuwa wanawake watatu waliovaa vizuri, mmoja kabeba furushi la kitambaa kilichotariziwa. Washenga, mdogo wangu. Unajua watu wetu hawataji shida yao langoni, ni aibu; walisema walikuwa wanapita tu, wakaona wasalimie. Ndipo kwenye kengele ikatoka sauti yako, Holbibi akaitambua mara moja.

“Hatununui kitu leo. Nendeni nyumba nyingine.”

Sikulaumu sana. Ulikuwa umetoka zamu ya usiku, picha ni ndogo, na furushi la mikate ya posa halitofautiani na la wachuuzi wa vitambaa. Lakini yule alikuwa mama yake Sanjar, kijana anayefanya kazi na Zebo, pamoja na shangazi zake wawili.

Zebo hakuwahi kuniambia neno, na msichana hasemi. Ila tangu theluji iyeyuke amekuwa akifagia mbele ya lango kila alfajiri, kama afanyavyo msichana anayengoja washenga, yeye ambaye kitanda chake natandika mimi. Nina macho. Alipopata habari hakulia. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi tayari, kimoja kimoja. Mimi niliumia. Katika nyumba ya baba yetu nimekuwa mtu wa mwisho kujua nani yuko langoni.

Sisi upande wa binti hatuwezi kuwafuata, hilo unalijua. Nikamtuma Holbibi kwao, ajifanye ameenda kwa shughuli zake. Mama Sanjar akamjibu, “Tungefukuzwa na shangazi, tungerudi kesho yake. Tumefukuzwa na baba mtu. Turudi kwa uso gani?”

Holbibi akaeleza habari ya wachuuzi na zamu ya usiku, Mama Sanjar akacheka kidogo. Wamekubali kupita tena mara moja tu, Jumapili ya kwanza baada ya Idi, saa tatu asubuhi ya kwetu.

Nilishachukua nyundo ya baba ili nikibandue kile kioo. Zebo akanishika mkono.

“Usikivunje, shangazi. Wamesikia baba akiwakataa. Nani mwingine atawaambia wamekosea kusikia?”

Nyundo nikairudisha. Sasa kila jioni anatoka nje anabonyeza kengele, nami ndani najifunza: kidole kikavu, alama ya bluu ya kukuunganisha wewe, subiri. Siku yenyewe hatanisaidia, atakuwa amefichwa chumba cha ndani kama ilivyo desturi. Nitabaki peke yangu na kioo. Omba ruhusa kazini, wala usilale.

Mweleze Lola taratibu, asije akakutoa roho kabla ya arusi. Pacha wabusu kwa niaba yangu. Holbibi anakusalimu. Mola akulinde ugenini, akujalie riziki halali, akurudishe salama.

Lango nitaliacha wazi, lakini hawatavuka kizingiti mpaka wakusikie. Wewe useme “Karibuni ndani” tu, halafu unyamaze. Yanayofuata hayana kitufe, nayajua mimi.

Dada yako akupendaye,
Mastura