Rangi ya Zambarau Niliyokupa

Kingi, tarehe 14 mwezi wa nane

Kwa kaka yangu mpendwa Isidore, kule Ntoto,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako Adelaïde, na kutoka kwa Mama, ambaye ameketi hapa pembeni akimenya maharagwe na kuniuliza kila mara nimefika wapi. Mguu wako unaendeleaje? Mama Geneviève wa mawese anasema asubuhi unachechemea kidogo, lakini jua likipanda unatembea kama watu wengine. Unakula vizuri? Nani anakufulia? Sisi huku tuko wazima. Mama anakohoa kwa sababu ya baridi ya alfajiri tu, usiwe na wasiwasi. Viazi vimetoka vizuri mwaka huu. Yule mbuzi wako mwenye pembe moja alibaki Kashuga siku tuliyokimbia, kwa hiyo usimuulizie tena.

Barua yako ya mistari minne ilitufikia Jumatatu, imefungwa kwenye ncha ya kitenge cha Mama Geneviève. Nimemsomea Mama mara saba. Mara ya nane aliniondolea mkononi, akaishika juu chini, akasema ndiyo, huu ni mwandiko wa mwanangu. Kaka, nina furaha mpaka tumbo linaniuma. Miaka mitatu bila habari yako hata moja, halafu mistari minne! Ungeandika hata sita, mvivu wewe.

Umeuliza tulijuaje kwamba uko Ntoto. Mstari wako wa pili unasema ulikuwa umeambiwa kwamba sisi wote tulifia kambini Kashuga, na kwamba ulituombea misa. Pole sana, kaka. Nitakueleza tulivyojua, lakini inabidi nianzie mbali, kwenye kazi yangu.

Tulipofika hapa Kingi nilipata kazi katika studio ya picha ya Papa Shema, mzee mmoja mpole ambaye kelele zake ni nyingi kuliko hasira zake. Zamani watu walikuja kupigwa picha wakaenda zao. Siku hizi wanakuja na picha ndogondogo za kila aina: kadi ya kura, cheti cha ubatizo, picha ya simu iliyopasuka kioo. Wanataka tuwaunganishe, familia nzima isimame pamoja kwenye picha moja, maana wengine wako Goma, wengine Walikale, wengine kaburini, na hawajawahi kusimama pamoja. Basi ndani ya kompyuta kila mtu anakaa kwenye tabaka lake. Ni kama karatasi za kioo zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila karatasi na mtu wake. Familia ya watu thelathini ina matabaka zaidi ya thelathini, na yote yana majina yasiyoeleweka. Mwanzoni nilichanganyikiwa vibaya sana. Siku moja nilimvalisha askofu sketi.

Ndipo Papa Shema alinionyesha kwamba kila tabaka linaweza kupewa alama ya rangi pembeni, nikatunga mpango wangu mwenyewe. Viti na nguo nilivipa buluu. Watu walio hai, kijani. Waliokufa, zambarau, kwa sababu ndiyo rangi ya padri kwenye misa ya wafu. Wale ambao familia haijui kama wapo au hawapo niliwapa njano. Rangi hizo hazionekani kwenye picha ikishachapwa, ni za sisi tunaofanya kazi. Lakini kabla ya kuchapa tunayakusanya matabaka yote ya zambarau kwa mara moja, tunayageuza kuwa kijivu, na juu ya kila kichwa tunaweka mshumaa mdogo. Wateja wanapenda hivyo. Kijani na njano tunawaacha na rangi zao, maana asiye na habari bado anahesabiwa na walio hai. Hapo usikose, kaka, maana mambo yote yanatoka hapo.

Mama alikuwa anakuja studio kila Jumanne na chakula changu. Anakaa nyuma yangu kwenye kigoda, anatazama kioo. Kusoma hajui, wewe unajua, lakini baada ya mwezi mmoja alikuwa anamuambia Papa Shema kwamba familia fulani imepata pigo, kwa kuona tu zambarau zilivyo nyingi. Papa Shema alishangaa sana. Mama alimjibu: “Miye sijuwe kusoma, lakini rangi, najuwa.”

Papa wetu alitutoka mwaka jana mwezi wa sita. Hilo Mama Geneviève amekuambia, kwa hiyo silirudii, nikilirudia nitalowanisha karatasi. Mwaka ulipotimia tulitayarisha siku ya kuondoa matanga, na nikasema mimi nitatengeneza picha ya ukoo, kubwa kama mlango, itundikwe mbele ya watu. Wewe sikuwa na picha yako ila ile ya arusi ya Nadine, umecheka mpaka pengo la meno linaonekana, na mkononi umeshika paja la kuku. Nilifanya kazi siku mbili kukuondolea lile paja, na bado kidole kimoja kilibaki kinang’aa mafuta.

Siku ya matanga watu walijaa uani. Katekista alisali, tukafunua picha. Papa alikuwa katikati, kijivu, na mshumaa wake, amependeza. Bibi na wajomba, kijivu. Na wewe, kaka, ulikuwa hapo kushoto, unacheka na pengo lako, kijivu kabisa, na mshumaa juu ya kichwa.

Shangazi Murekatete alipiga yowe akajitupa chini, akidhani tumepata habari ya kifo chako tukamficha. Wengine wakafuata. Mama hakulia. Alisimama tu, mikono kichwani.

Sasa katikati ya kilio kile kulikuwa na mama mmoja mgeni, ndiye huyo Mama Geneviève. Alikuwa amekuja Kingi kuuza mawese, akafikia kwa jirani, na jirani akamleta matangani ale kama wengine. Alisogea mpaka kwenye picha, akaweka pua karibu na uso wako, akageuka akauliza kwa sauti ya sokoni: “Uyu naye alikufa siku gani? Miye juma mbili zimepita nilimwacha ku Ntoto, iko napima mawese yangu mu bidon!”

Watu walimzuia, wakamuambia asicheze na matanga ya watu. Yeye akashika lile pengo lako kwa kidole, akasema mtu huyo anaitwa Isidore, anachechemea, na akipima mafuta kwenye madumu anaimba vibaya. Hapo ndipo Mama alipokaa chini. Kuimba vibaya, kaka! Hakuna aliyebaki na shaka. Waliokuwa wanalia walianza kucheka bila kupangusa macho, na katekista alianzisha wimbo wa Pasaka wakati tuko mwezi wa sita. Chakula cha matanga kililiwa kama cha arusi.

Baadaye niliwaza jambo moja. Kama ningekuacha na rangi zako, umesimama na walio hai, Mama Geneviève angekuona, angetabasamu, angeendelea kula maharagwe yake. Watu wa Masisi huku kwetu na watu wa Walikale huko kwako wanajuana, angeona ni kawaida tu. Alisimama kwa sababu alikuona kati ya wafu.

Wote walisema ni kosa la mkono. Adelaïde alichoka, alibonyeza zambarau badala ya njano, na Mungu akalitumia kosa lake. Papa Shema alijitwika lawama mbele ya watu, akasema mashine yake ni nzee. Mpaka leo watu wananipongeza njiani kwa kosa langu. Nami nakubali pongezi, nainamisha kichwa.

Kaka, mkono haukukosa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Tabaka lako lilikuwa na njano, kama lilivyokuwa siku zote. Nililitazama muda mrefu, nikaibadilisha kuwa zambarau, nikijua ninachofanya. Wewe ulituombea misa kwa sababu uliambiwa. Mimi sikuambiwa na mtu yeyote. Nilikuua kwa kidole changu, nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Nilijiambia ni kwa ajili ya Mama. Kila gari likisimama barabarani alikuwa anatoka mbio, hata unga ukiwa mikononi. Nilitaka alie mara moja amalize. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Kuna kijana anaitwa Plamedi, fundi seremala, ananipenda na mimi nampenda. Jamaa zake walikuja kubisha hodi mara mbili ili wanipose. Mara zote mbili Mama alijibu kwamba Papa hayupo, na anayepaswa kukaa kwenye kiti chake kupokea wageni ni Isidore, na Isidore hajafika. Baba mdogo hawezi kukaa hapo mwenye kiti akiwa bado anangojewa. Mwaka mzima Plamedi anangoja, na mimi naangalia njano yako. Nilifikiri: akiwa zambarau, baba mdogo atakaa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, kaka. Ni aibu kuliandika, lakini ni afadhali ulijue kwangu kabla hujafika, nisije nikakupokea kwa kukumbatia huku nimeficha jambo hili.

Usipotaka kukaa kwenye kile kiti kwa ajili yangu, nitaelewa, na Plamedi nimemuambia hivyo. Lakini nyumbani njoo. Mama asikukose kwa sababu yangu.

Jumapili nilishindwa kuvumilia, nikamuungamia Mama jikoni. Aliendelea kukoroga ugali. Akaniambia kwamba alijua. Jumanne ile alikuwa nyuma yangu kwenye kigoda chake, na sahani ya mihogo magotini, aliona njano ikigeuka. Nikamuuliza kwa nini hakunishika mkono. Alisema: “Na miye nilikuwa nimechoka, mwanangu.” Halafu akageuza uso upande wa moto, na ndiyo mara ya kwanza nilimuona analia tangu tumzike Papa. Nililia naye. Ugali uliungua, tukaula hivyohivyo, na usiku ule nililala kama mtoto.

Sasa tabaka lako lina kijani. Mama anakuja hata siku zisizo Jumanne, ananiagiza nifungue picha, anagusa alama yako kwa kidole. Kioo cha kompyuta kina doa la mafuta hapo, na Papa Shema anapiga kelele bila kukifuta.

Salamu zako kutoka kwa shangazi Murekatete, ambaye anadai umrudishie machozi yake, kutoka kwa Nadine na watoto, na kutoka kwa Papa Shema. Mama Geneviève anaondoka kesho mapema, ndiye anayebeba barua hii pamoja na sweta uliloachiwa na Papa. Tuma naye picha yako mpya, bila kuku.

Jambo la mwisho. Lile la Mama kuona njano ikigeuka, amenikataza kukuandikia. Anasema ya kwake atakuambia mwenyewe, ukifika, ukishakula. Basi akianza, weka sahani chini, msikilize mpaka mwisho, na ujifanye hujui.

Nabaki mimi mdogo wako anayekungojea,

Adelaïde