Buti za Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza kukusumbua na watoto hawajambo. Mimi mzima, ila kikohozi hakijaniacha.

Huku kazini mapangoni nimebaki peke yangu. Chumba cha walinzi kina vikombe viwili, na mpaka leo naosha vyote viwili. Mumeo alipokuwepo, kila tukiingia pangoni alikuwa anapiga hodi, anawaambia popo wenye nyumba tusameheni, hatukai. Nilikuwa namcheka. Sasa pango la chini liko kimya. Mtaalamu alitueleza kwamba ule ugonjwa wa ukungu mweupe, aina ya kuvu, unaota puani mwao na kwenye mabawa, popo wanaamka katikati ya usingizi wao wa baridi, wanamaliza mafuta ya mwili na chakula nje hakuna, wanakufa. Nimewabeba kwa toroli, Dada. Wepesi kama majani makavu.

Sheria yetu unaijua: kila pango na buti zake, na ukitoka unazisugua kwenye beseni la dawa. Pango la juu lilishaugua, la chini lilikuwa zima. Popo wa chini walipoanza kufa, wakapima buti za shemeji, zile za pango la chini, wakakuta ukungu kwenye soli. Akaapa hajawahi kupanda nazo juu. Mkuu akamfukuza. Na wewe ukaniandikia kwamba umechoka kuishi na mtu asiyekubali kosa lake. Barua ile nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Dada, ni mimi. Siku ile alipokupeleka hospitali, buti zangu za juu zilikuwa zinaingiza maji. Nikavaa zake, nikapanda. Niliporudi dawa ilikuwa imeisha kwenye beseni, nikaona uvivu kuchanganya nyingine. Nikazifuta tope kwa gunia, nikazitundika kwenye msumari wake. Kesho yake akazivaa, akapiga hodi, akaingia.

Alipofukuzwa nilikuwa nimesimama palepale mlangoni. Nikampisha apite.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu yote. Kasema nisubiri uamuzi, nimeshaanza kufunga mizigo. Msomee shemeji barua hii, usiruke hata mstari mmoja. Akitaka kunitukana, anitukane. Ila wewe muombe radhi, alikuambia kweli.

Jana nilipiga hodi pale pangoni. Nikasubiri kidogo.

Nisalimie watoto, na huo mgongo usiubebeshe ndoo.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kufunga kamba za viatu.