Namba Ndiyo Iliyohama

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna aliye mbali naye.

Binti yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mumeo. Sisi tu wazima. Paa la jikoni limezibwa, na shangazi yako bado anagombana na goti lake.

Ndiye aliyenieleza kwamba umejaribu mara kadhaa kuifikia kwa intaneti ile seva uliyoiacha sebuleni, kompyuta inayotunza rekodi zetu, upate kumsikiliza marehemu mama yako akisoma maandiko, ukakuta hapafunguki. Ukamwambia, "Baba amenifungia kwa sababu ya ndoa yangu."

Mwanangu, tulikosana, sikatai. Lakini sauti ya mama yako siwezi kukunyima.

Nilimwita fundi wa kompyuta, akaangalia, akacheka. "Mzee, nyumba yako inahama bila kubeba hata kiti! Umeme ukikatika na kurudi, kampuni ya intaneti inawapa namba nyingine ya anwani. Binti anabisha hodi kwenye namba ya zamani."

Sasa ameipa nyumba jina litakaloifuata namba kila ibadilikapo. Nimeliandika nyuma ya karatasi hii. Neno lako la siri ni lile lile.

Alipokuwa akimalizia aliniuliza, "Huyu mtumiaji hajaingia siku nyingi. Nimfute?"

Nikamjibu, "Huyo ni wa hapa nyumbani. Mwongeze na mumewe."

Mola awahifadhi nyote wawili, na aijaze nyumba yenu utulivu na rehema. Amina.

Baba yako