Jirani Alikuja Kuomba Moto

Mama mupenzi,

Mikono yako imetulia? Hapa Goma mvua inanyesha tangu jana, na udongo mweusi wa volkeno umekuwa tope mpaka mlangoni. Asubuhi jirani alikuja na kigae mkononi, kuomba moto. Nikampa kiberiti. Akacheka.

"Kiberiti niko nayo, dokta. Makala yangu ya kupikia imelowa. Nataka moto yenye iko muzima."

Mwenye nyumba ninayopanga akatoa makaa mawili yanayowaka kwenye mbabula yake ya kupikia, akamwekea.

Niliona haya. Unajua nachunguza mitokondria, ule moto mdogo ndani ya seli. Ukizimika, seli inakufa. Na seli zilizokufa ubongoni ndizo zinazokutetemesha mikono. Siku hizi kwenye darubini naona seli yenye afya ikiigawia jirani yake mitokondria. Naandika kama ajabu. Kumbe ulikuwa unanituma kwa majirani kazi hiyohiyo ya kuomba moto utotoni, na kigae chako chenye ufa, nami nimesahau.

Nimekukumbuka sana. Usinyanyue mbabula peke yako, mwachie dada Neema. Nikirudi Bukavu nitasimama mlangoni pako na kigae kitupu. Usiniulize kitu, Mama. Nipe tu moto.

Mutoto wako,
Espérance