Nilivyochora Ukuta wa Wodi ya Wazazi

Jumamosi, Mei

Mvua imenyesha tangu alfajiri, mvua ya Kyela isiyojali mtu ana ratiba gani, na nguo nilizofua juzi bado zinanuka unyevu. Siku kama hii kwa kawaida huwa nimenuna. Leo nimerudi nyumbani Mbugani na matope hadi magotini, rangi hadi kwenye nywele, na nimeimba njia nzima nyuma ya bodaboda. Dereva akaniuliza kama natoka kanisani.

Natoka kazini.

Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza: naitwa Sekela, nabuni na kuchora. Vibao vya maduka, lebo za mifuko ya mchele, kadi za harusi, mara chache kuta. Kazi niliyokuwa nayo safari hii ni ukuta wa korido ya wodi ya wazazi, kwenye kituo cha afya kimoja upande wa Katumba Songwe. Aliyeniita ni muuguzi msimamizi, Sista Rehema, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa huku. Sauti yake ni ya upole, lakini akisema jambo limesemwa. Alitaka ukuta uwape wajawazito moyo.

Mchoro niliubuni nyumbani, kwenye kompyuta. Mama anatabasamu, amebeba mtoto mchanga, maua pembeni, chini maandishi makubwa ya kumkaribisha mtoto. Ulikuwa safi. Sista akaupenda, rangi zikanunuliwa. Na mimi niliupenda, ingawa kuna kitu kilikuwa kinaninong'oneza kwamba ungekaa sawasawa kwenye ukuta wowote, wa mji wowote.

Siku ya kwanza nilipiga msasa, nikaosha ukuta, nikaanza kuchora kwa chaki. Kwenye korido alikuwepo mama kijana ambaye uchungu ulikuwa umeanza. Jina lake sitaliandika. Sista alimwambia atembeetembee, naye akawa anakwenda hadi mwisho, anageuka, anarudi, mkono mmoja kiunoni, mwingine unapapasa ukuta. Kila akinifikia nasogeza ndoo yangu apite.

Mara uchungu ukamshika akiwa mbele yangu kabisa. Akaegemeza paji la uso ukutani, akapumua taratibu. Ulipoachia akaitazama mistari yangu ya chaki, akauliza nachora nini. Nikamwambia, mama na mtoto wake.

"Mtoto wangu bado, dada," akasema. "Mimi ningependa mahali pa kwenda. Hapa nazunguka tu."

Akaendelea na safari yake.

Nikaweka chaki chini. Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikaanza kufanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla hata ya kuwasha kompyuta: kuangalia. Niliona kwamba pale hakuna anayesimama kutazama picha. Watu wanatembea. Macho yao yako chini, karibu na mkono unaogusa ukuta. Uso wa yule mama wangu anayetabasamu ungekuwa juu huko, karibu na dari, ukiwatabasamia buibui.

Wenzangu mnaobuni, hili nawaambia kwa moyo wote. Kaeni kwenye eneo la kazi kabla ya kuchora chochote, mkiwa hamna kitu mkononi. Muulizeni mtu anafanya nini pale, msianze kumuuliza anapenda rangi gani.

Nikaogopa, sikatai. Mchoro ulishakubaliwa, na wageni wa kuja kuuona ukuta walishaalikwa. Lakini nimejifunza kwamba ukitaka kumbadilisha mteja mawazo, usiende na maneno matupu. Nilichana boksi la glovu, nikachora haraka kwa ndani: njia moja ndefu, kimo cha mkono, kutoka mwanzo wa korido hadi mwisho. Inaanzia uani kwa mtu, inapita kwenye migomba, kwenye shamba la kakao, kwenye majaruba ya mpunga, inavuka daraja, inapita sokoni, inaishia ufukweni mwa ziwa, na ng'ambo milima ya Livingstone. Ukichoka kwenda, geuka, urudi nyumbani.

Sista Rehema akakipokea kile kipande cha boksi, akaifuata njia kwa kidole. Akaniuliza maelezo ya dalili za hatari kwa mjamzito, aliyopanga yaje chini ya ule mchoro wa kwanza, yatakaa wapi sasa. Alikuwa na haki kabisa. Tukazunguka wote wawili kuyatafutia mahali, mpaka yeye mwenyewe akaonesha ukuta wa mlangoni, penye mabenchi wanapokaa ndugu na waume kusubiri. Hao wana muda wa kusoma, akasema, na ndio wenye kutafuta usafiri.

Kisha akafanya jambo nililolipenda mno. Akaweka mkono ukutani, akatembea korido nzima taratibu, kama mjamzito, huku amefumba macho nusu. Alipogeuka na kurudi alikuwa anatabasamu.

"Fanya, Sekela. Ila hiyo njia isiwe na mlima."

Nikaisawazisha yote.

Yule mama kijana alijifungua salama jioni ileile, mimi nikiwa bado nafuta chaki.

Nimechora kwa zaidi ya wiki, katikati ya mvua. Mambo machache kwa atakayepata ukuta huku kwetu: subiri ukauke hata kama mteja ana haraka, maana unyevu wa Kyela hubandua rangi kama ganda la ndizi. Jaribu rangi zako kwenye kona, uziache zikauke, ndipo uziamini. Panapoguswa na mikono weka rangi ya mafuta, wahudumu wapate kufuta. Nyekundu niliiacha kwenye kopo. Wodini wanaiona ya kutosha. Na kila siku nilitembea njia yangu kabla ya kuondoka, mkono ukutani. Daraja nililihamisha kwa sababu ya kutembea, siyo kwa sababu ya kutazama.

Leo nilikwenda kupaka mkono wa mwisho tu.

Nikakuta mama mwingine ana uchungu, yuko na mama yake mzazi. Nilitoka nikakaa barazani niwapishe, lakini mlango ulikuwa wazi. Yule bibi, mama yake, alikuwa anamhesabia njia kwa Kinyakyusa. Sasa tuko kwenye migomba. Sasa kakao, vumilia, majaruba hayo hapo. Kwenye majaruba binti akasimama, maumivu yakaja, yakapita, akasema hapo ndipo patakuwa pake pa kupumzikia. Wakavuka daraja. Walipofika ziwani nilimsikia akicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, akamwambia mama yake kwamba wamesahau taulo.

Wakarudi. Wakaenda tena.

Sijawahi kupewa sifa na mteja yeyote ikanifikia kama kicheko kile.

Baadaye wakamwingiza chumba cha kujifungulia. Nikakaa na brashi yangu kavu, naomba kimoyomoyo. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba sikutegemea kusikia kitu, lakini kilio cha mtoto nilikisikia. Sista Rehema akachungulia mlangoni, akasema ni wa kike, wote wazima. Nikalia palepale barazani kama vile mtoto ni wa dada yangu.

Bibi akatoka akijifuta mikono kwa kitenge. Nikamwamkia, akaniitikia, akanishika bega kunishukuru. "Ndaga fijo, mwanangu." Kisha akarudi nyuma, akaukagua ukuta kuanzia ziwani hadi mwanzo. Pale uani akasimama, akakunja uso. Akaniuliza hii nyumba ya nani, isiyo na kuku.

Nikachanganya kahawia palepale. Akasimama nyuma yangu akinielekeza: mnene zaidi, mkia juu, asiangalie njiani, aangalie mlangoni kwake. Alipotosheka akaenda kumwona mjukuu.

Nimeweka maji ya moto nioge, nilale. Jumatatu narudi kule na kopo dogo la njano. Naona kuku yule anataka vifaranga.