Ukuta wa Naserian

Jumamosi. Masika. Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi, na roho yangu iko hivyo hivyo.

Mimi ni mtu niliyetembea. Nimefika pwani na mizigo ya Wazungu kichwani, nimeona majumba ya ghorofa na milango ya kuchongwa, nimelala kivulini mwa misikiti ya mawe. Hapa Arusha hakuna anayenishinda kwa hadithi. Boma la Mdachi ndilo kubwa kuliko yote, lakini mawe yake tuliyabeba kwa kuchapwa kiboko. Nikilipita nageuza uso.

Nyumba ninayoipenda ni kanisa la misheni, la fito na udongo. Kwa sababu moja tu.

Huku kwetu kukandika nyumba ni kazi ya wanawake. Kanisa lilipojengwa, kila mke alipewa kipande chake cha ukuta, akitunze mwenyewe. Mke wangu Naserian alipewa cha kando ya dirisha. Michirizi ya vidole vyake imebaki pale kwenye udongo. Yeye homa ilimchukua.

Mimi, ninayesifika kwa kuchekesha watu hata msibani, kila Jumapili nilikaa hapo nikipitisha vidole vyangu katika michirizi yake. Mahubiri sikuyasikia. Mungu anajua.

Masika haya kipande kile kilipasuka, maji yakawa yanaingia. Wanawake walitaka kukikandika upya, nikawazuia. Nilisema atakayekigusa nitamtungia wimbo wa kumwaibisha, na wanajua naweza.

Leo amekuja mama mkwe na kapu la udongo na mavi ya ng'ombe. Kwa heshima ya huku mimi na yeye hatutazamani usoni, kwa hiyo alinigeuzia mgongo, akausemesha ukuta.

"Binti yangu aliukandika ili watu wasilowe, baba. Wewe unataka walowe ili umkumbuke?"

Nilichukua kibuyu, nikaenda mtoni.

Nikamletea maji. Akakandika polepole kutoka chini. Alipoifikia michirizi ile alisimama, akaweka vidole vyake juu yake kwanza. Kisha akaziba. Yeye hakulia. Mimi nililia, tena kwa sauti, wanawake wote wakanisikia.

Sasa ninapoandika mvua inapiga. Jioni kama hii nilikuwa nakimbilia kanisani na ngozi ya ng'ombe, niufunike ukuta.

Leo nimekaa tu. Hakuna tena cha kufunika.